Blanketi Alilolalia Paka

Paka alikuwa wa mke wangu. Nasema hivyo mapema kwa sababu majirani zangu hapa Nyamwamba, mjini Kasese, wameanza kunitania kwamba nimeoa tena, na mimi sina subira na utani wa watu wasio na kazi. Aliyemleta nyumbani ni mimi, hilo nakubali. Wakati ule bado nilikuwa naendesha lori, na siku hiyo nilikuwa Katunguru, nimeegesha karibu na daraja nikingoja kupakia samaki. Akina mama wa pale walikuwa na watoto wa paka wengi kuliko samaki. Mmoja akaniletea katoto kenye mabaka ya kijivu, akanisukumia dirishani, akasema nyumba gani haina panya. Kwetu panya walikuwa wamemaliza mahindi ya stoo na sasa walikuwa wanakula magunia yenyewe. Nikakatia ndani ya boksi la sabuni na kukaleta Kasese.

Mke wangu alimfunga kwa kamba laini kwenye mguu wa kitanda, kama wanavyofanya kwao huko juu ya Bwera, ili paka ajue kwake ni wapi. Nilimwambia ni upuuzi, mnyama hafundishwi nyumba kwa kamba. Alipomfungua, paka hakwenda popote. Alipanda kitandani akajikunja upande wa mke wangu, na kuanzia siku hiyo ukawa upande wake. Mke wangu alimpa jina, ambalo sitaliandika hapa. Mimi nilimwita paka tu, naye aliniangalia kama mgeni aliyekawia kuaga.

Kisha mke wangu akaugua, akaugua muda mrefu, na ugonjwa wake ulikuwa wa baridi. Kasese ni mji wa joto. Hapa unalala madirisha wazi ukiwalaani mbu. Yeye alitetemeka mchana kweupe. Nilimnunulia blanketi zito la kahawia lenye mistari kule sokoni mpakani, nikaliweka mbele kwenye lori kama abiria. Alijifunika hilo mpaka mwisho. Alipofariki, paka alikuwa amelala juu yake, miguuni, na wanawake walioingia kumwosha marehemu walimwondoa kwa shida.

Siku za msiba zilipopita, dada zake walishuka kutoka Bwera kuja kugawa nguo. Kwao ni Wakristo, yeye alisilimu tulipooana, lakini katika jambo hili pande zote mbili tunafanana: nguo za marehemu hazikai ndani ya nyumba. Ndugu wa kike huchukua za ukumbusho, zinazobaki hupewa wahitaji. Nilikaa sebuleni nikisikiliza milango ya kabati ikifunguliwa. Magauni ya gomesi yakatoka, kanga zikatoka, viatu vikatoka. Kisha nikaitwa chumbani. Dada mkubwa alikuwa amesimama kando ya kitanda, mkono una alama za makucha.

"Shemeji, hii paka iko mubaya," akaniambia. "Inakatala kutoka."

"Basi mwache."

"Na blanketi?"

"Si unaona amelilalia. Mimi nitafanyaje?"

Wakacheka wote, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na ndivyo blanketi lilivyobaki. Kila aliyeniuliza baadaye nilimjibu kwamba ni la paka. Sikumwambia mtu kwamba lilikuwa bado na harufu ya mke wangu: moshi wa jikoni, udi, na ile dawa ya kuchua aliyojipaka magotini. Sikulifua, wala sikukusudia kulifua. Nilipolala, mimi nilikuwa upande wangu, paka upande wake, na blanketi lilikuwa katikati, mahali ambapo mkono wangu ungelifikia.

Mtu angedhani dereva wa lori ameuzoea upweke. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Miaka yote hiyo nilibeba chumvi, kahawa na samaki, na mazungumzo yangu yalikuwa na injini. Lakini upweke wa barabarani una mahali unapofika. Kuna mtu anayejua uko njiani, na chakula chako kimefunikwa kwa sahani. Huu wa sasa haufiki popote. Napika, nakula, naosha sahani yangu, na nikitazama nje jua bado liko juu ya milima, halina haraka. Nabishana na redio. Paka naye anakaa mlangoni akiniangalia, na siku nyingine sauti yangu ya kwanza kuisikia ni ile ya kumwambia aondoke njiani.

Nilichokuwa nacho ni Jumamosi. Binti yangu anafanya biashara ya vitenge Bwera, na kila Jumamosi alikuwa akinijia na mtoto wake mdogo, mjukuu wangu, ambaye wakati ule alikuwa anajifunza kutembea kwa kushika viti. Walilala kitandani chumbani, mimi nikahamia kwenye kochi. Nilikuwa nikinunua maziwa tangu asubuhi, nikakanda unga wa chapati, nikafagia uani kama mtu anayengoja mahari. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Katika joto lile la Kasese, binti yangu alijifunika na kumfunika mtoto lile blanketi zito. Nilimwuliza, akasema mtoto amezoea baridi ya Bwera. Nikakubali, ingawa niliona mtoto akitoka jasho na kulipiga mateke.

Siku moja binti yangu akanitumia picha kwenye simu. Miguu ya mtoto, midogo, imejaa vipele vyekundu vilivyopangana kama mishono ya cherehani. Kisha akapiga.

"Baba, mutoto iko na vipele mwili muzima. Kwa kliniki wamesema ni kiroboto. Ni ule paka."

"Paka ana viroboto wachache tu."

"Wachache ndio hivi? Analia, hatulale. Bwana yangu amekasirika."

"Nitampaka mafuta ya taa."

"Baba, toa ule paka. Kama hutaki, tutapumuzika kwanza kuja."

"Nimtoe nimpeleke wapi?"

"Kwani wewe ulikuwa unamupenda? Si ulikuwa unasema ni mwizi wa samaki?"

Ni kweli nilisema hivyo. Nikajibu kwa ukali, naye akaaga kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniuma. Jumamosi iliyofuata hawakuja. Nilikanda chapati kwa mazoea, nikala nilizoweza, nyingine nikazipeleka kwa jirani. Jumamosi nyingine ikaja na kupita. Nilianza kuichukia siku yenyewe, namna inavyoanza na watoto wa mtaa wakipiga kelele na kuisha bila mtu kubisha hodi kwangu.

Jirani yangu ni mama mkulima, mjane kama mimi, mwenye mahindi kidogo na mbuzi wengi. Ni mtu wa kanisa, mwenye sauti kubwa na moyo mwema, na ananiita Hajji. Watu wa hapa wakimwona Mwislamu mwenye mvi humwita Hajji, hata kama safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Kampala. Nilipompelekea chapati nilimweleza shida yangu. Akasikiliza huku akikamua mbuzi, akasema kiroboto si kitu cha kumnyima mtu mjukuu. Nikaona ni maneno ya kufariji tu, nikarudi nyumbani.

Ijumaa nikaenda msikitini. Niliporudi, kabla sijafungua geti, pua yangu ilipokewa na harufu ninayoijua tangu utotoni, harufu ya josho, ile dawa ya kupe wanayopulizia ng'ombe na mbuzi. Mama jirani alikuwa amesimama kwenye ua unaotutenganisha, bomba la kupulizia bado mgongoni, anang'aa kwa furaha.

"Hajji, nimekusaidia ile shida yako. Nilikuwa napulizia mbuzi, yeye akapita, nikamushika nikapulizia yeye pia. Hiyo dawa ni kali. Inaua kupe, kiroboto itapona wapi?"

Paka alikuwa chini ya benchi, amelowa, manyoya yamemganda, amekuwa nusu ya ukubwa wake. Alikuwa anajilamba. Paka ndivyo alivyo, kitu chochote ukikiweka juu yake atakisafisha kwa ulimi. Nikamwambia mama asante. Nilikuwa sijamaliza kuvua kanzu nilipomwona anatoka chini ya benchi akiyumba kama mlevi. Mate yalimchuruzika. Masikio yakaanza kucheza yenyewe, kisha ngozi ya mgongo, kisha mwili wote ukawa unatetemeka. Nimeshaona mwili ukitetemeka katika joto la Kasese.

Nikamgeukia mama na maneno ambayo mtu aliyetoka kuswali hapaswi kuwa nayo mdomoni. Nilimwuliza nani amemwambia paka ni mbuzi. Nilimwuliza kama kwake wanapulizia pia watoto. Uso wake ukabadilika, akashusha bomba, akasema polepole, "Mbuzi yangu hazijawahi kufa." Sikungoja. Nilimfunga paka ndani ya taulo asiendelee kujilamba, nikamtia kwenye kikapu, nikasimamisha boda boda. Kijana wa pikipiki aliuliza ni kuku. Nikamwambia endesha.

Karibu na soko kuna duka la dawa za mifugo, na mwenye duka ni daktari wa wanyama, mwanamke mnene mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Alinusa kikapu kabla ya kukifungua.

"Josho," akasema. "Nani aliweka?"

"Jirani."

"Mlimupa kitu? Maziwa? Mafuta?"

"Hapana."

"Vizuri. Watu wanapenda kupa maziwa, inazidisha."

Akamwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mara nyingi, polepole, mimi nikishika miguu. Paka hakunikwaruza. Ningefurahi kama angenikwaruza. Alipomsuuza akamkausha, akamviringisha kwenye taulo jingine kwa ajili ya joto, akamchoma sindano ya kutuliza ule mtetemeko. Kisha akasema paka atabaki pale mpaka kesho ili amwangalie, na mimi niende nyumbani nikapumzike.

Nilikwenda nyumbani. Kuhusu kupumzika sijui. Nilikaa sebuleni na viatu miguuni. Nilifungua redio, nikaizima. Tangu mke wangu afe nilikuwa nikijihesabu kuwa mtu anayeishi peke yake, na jioni ile niligundua kwamba sikuwa nimewahi kuishi peke yangu hata mara moja, maana siku zote kulikuwa na kitu kinachopumua chumba cha pili. Nililia. Siandiki hivyo ili nionewe huruma. Naandika kwa sababu nilikuwa nimemzika mke wangu bila kulia mbele ya mtu, na sasa nililia kwa ajili ya mnyama niliyekuwa nikimwita mwizi wa samaki.

Asubuhi nilimkuta paka amesimama ndani ya tundu, mnyonge, lakini macho yake ni yake. Aliponiona alilia mara moja, kwa sauti ya kulalamika, kama mtu aliyeachwa kituoni. Daktari alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, akanieleza.

"Hajji, sikia. Dawa ya ng'ombe na mbuzi, paka hapana. Dawa ya mbwa pia hapana, hata kama ni kidogo. Mwili ya paka haiwezi kuvunja hiyo sumu. Na mafuta ya taa, wewe uliweka?"

"Nilitaka kuweka."

"Usiweke. Inachoma ngozi, halafu atalamba. Kila kitu unaweka kwa manyoya, anakula."

Akanionyesha kichupa kidogo cha dawa ya paka, inayopimwa kwa uzito wa paka mwenyewe na kudondoshwa nyuma ya shingo, mahali ambapo ulimi haufiki. Alisema tungoje kwanza paka apate nguvu, nimrudishe amwekee mwenyewe. Kwa sasa nimchane. Alitoa kitana chenye meno ya karibu karibu, akakipitisha mgongoni mwa paka, akagonga uchafu wake juu ya pamba nyeupe iliyolowa. Zilikuwa punje nyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Tukaangalia. Punje zikaanza kutoa duara jekundu kwenye pamba.

"Hiyo ni mavi ya kiroboto," akasema. "Nyekundu ni damu. Ya paka, ya mtoto, yako."

"Basi nitamchana kila siku."

"Mchane. Viroboto utoe kwa kitana, tia kwa maji ya sabuni. Lakini hao unaona kwa paka ni wachache. Wengi wako nyumba. Mayai inaanguka pale analala. Ukiponya paka na kuacha kitanda, umefanya kazi bure. Analala wapi?"

Niliitazama tena ile pamba nyekundu.

"Kwenye blanketi," nikasema.

"Anza na hiyo. Maji ya moto, sabuni, jua kali. Urudie rudie, maana wengine wako ndani ya ganda, wanangoja."

Nikasema sawa. Kusema sawa ni kazi nyepesi.

Nilirudi nikafanya vita. Nilitoa godoro juani, nikachemsha shuka, nikafua foronya na pazia. Nilimwaga maji ya moto kwenye nyufa za sakafu, nikafagia chini ya kitanda na nyuma ya kabati, taka nikazichoma. Kila jioni nilimkalisha paka mapajani, bakuli la maji ya sabuni pembeni, nikamchana kuanzia shingoni mpaka kwenye mkia. Mwanzoni alinuna. Baadaye akawa anakuja mwenyewe akiona kitana, akageuza shingo upande unaomwasha. Alipopata nguvu nilimrudisha kwa daktari akawekewa ile dawa nyuma ya shingo. Yote aliyoniambia niliyafuata, isipokuwa moja. Blanketi nililikunja, nikalitia kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga mdomo wa mfuko na kuuweka juu ya kabati. Nilijiambia viroboto watakufa humo kwa kukosa hewa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Paka alikaa chini ya kabati akiangalia juu, analia. Nilivumilia kidogo, kisha nikalishusha. Niseme ukweli, sikulishusha kwa ajili ya paka peke yake.

Daktari alikuwa amenifundisha njia ya kupima: vaa soksi nyeupe ndefu, tembea polepole ndani ya chumba, kisha tazama. Nikanunua soksi nyeupe, mimi ambaye maisha yangu yote nimevaa ndala. Sebuleni hakuna kitu. Jikoni hakuna kitu. Nilipofika upande wa kitanda wa mke wangu, soksi zikapata madoadoa meusi, na madoadoa hayo yakaruka. Nikakaa kitandani na soksi zangu za mtoto wa shule, nikacheka peke yangu, kicheko kisichokuwa na raha. Nilikuwa nimesafisha nyumba nzima na kuwabakishia viroboto chumba cha wageni.

Simu ikalia wakati uleule. Binti yangu alikuwa akinisalimia, na nyuma yake nilisikia mtoto akisema neno, neno kamili. Nikauliza amesema nini.

"Anasema maji. Ameanza kusema, baba. Anatembea pia, hashiki tena kiti."

Alikuwa ameanza kutembea bila mimi kumwona. Nikamwambia Mungu ambariki, nikakata simu, nikaenda kuwasha mkaa.

Nilichemsha sufuria mbili. Niliweka beseni kubwa uani, nikaleta blanketi. Kabla ya kulitia majini nilizamisha uso ndani yake, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Moshi, udi, dawa ya kuchua. Hafifu sana sasa, na juu yake harufu ya paka. Nilijaribu kuishika kichwani namna mtu anavyoshika namba ya simu akiwa hana kalamu. Kisha nikalitia. Likanywa maji, likawa zito kama mtu. Nikalisugua, nikalikanyaga kwa miguu, maji yakawa rangi ya chai, na juu ya maji wakaelea viroboto waliokuwa wakimla mjukuu wangu.

Shida ikaja kwenye kukamua. Blanketi zito likilowa halikamuliwi na mtu mmoja. Mke wangu na mimi tulikuwa tunashika huku na huku, tukasokota, yeye akizunguka kulia na mimi kushoto, na siku zote alinishinda nguvu akanicheka. Nikafunga ncha moja kwenye nguzo ya ua, nikasokota nyingine. Fundo likafunguka, blanketi likaanguka kwenye vumbi. Nikalisuuza tena, nikafunga tena, likaanguka tena. Nikasimama pale nimelowa mpaka kiunoni, mzee mzima, hasira zimenipanda na hakuna wa kugombana naye.

Mama jirani alikuwa anaangalia kutoka upande wake. Tangu siku ile ya josho tulikuwa tunasalimiana kwa vichwa tu. Akafungua kigeti kidogo, akaja bila kuitwa, akainua ncha iliyokuwa chini.

"Shika yako, Hajji," akasema.

Tukasokota. Alizunguka kulia. Maji yakashuka kwa nguvu katikati yetu, yakapungua, yakawa matone. Tukalitandaza kwenye kamba, yeye akanyoosha pembe zake kwa mikono miwili, taratibu, mpaka mistari ikakaa sawa.

"Ya marehemu?"

"Ndiyo."

"Yangu nilifua mapema," akasema, akimaanisha nguo ya mumewe. "Watu walisema ni vizuri. Mimi sijui." Kisha akauliza paka anaendeleaje. Nikamwambia mzima, nikamwambia pia kwamba siku ile nilizidisha maneno. Akatikisa mkono kama anayefukuza inzi, akarudi kwa mbuzi wake.

Nilirudia kufua na kufagia, jinsi daktari alivyoagiza, na mama alikuja kukamua kila mara. Nilivaa zile soksi, nikatembea kila pembe ya nyumba, zikabaki nyeupe. Hapo ndipo nilipompigia binti yangu. Nilimwambia njoo, na paka yupo. Akasita. Nikamwambia nitavua soksi mbele yake aone. Akacheka, na kicheko chake ni cha mama yake.

Wakaja Jumamosi. Mjukuu wangu aliingia mlangoni kwa miguu yake, akanipita, akaenda moja kwa moja kwa paka. Paka akakubali kuvutwa mkia mara moja, ya pili akapanda juu ya meza. Tulikula chapati. Mtoto akachoka, tukamlaza kitandani, na binti yangu akachukua blanketi lililokunjwa juu ya kiti, akalitandaza juu yake. Akainama kulichomeka pembeni. Akabaki ameinama.

"Umefua, baba."

"Nimefua. Daktari alisema ni lazima."

Hakuinua uso. Nikadhani analikagua, kama wanawake wanavyokagua kazi ya mwanaume. Kisha nikaona mabega yake.

"Mutoto hana baridi," akasema. "Hajawahi kuwa na baridi, baba. Ni mimi. Nilikuwa nakuja kulala ndani ya hii. Mama alikuwa bado mumo."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, upande wangu. Jumamosi zote zile tulikuwa tunalivizia blanketi moja, yeye akimsingizia mtoto na mimi nikimsingizia paka. Badala ya kumwambia kwamba nami vilevile, nikaweka mkono wangu juu ya blanketi karibu na wa kwake.

"Na sasa?" nikauliza. "Sasa utakuwa unakujia nini?"

Alijifuta kwa ncha ya leso. "Kile kitana kiko wapi?" akasema. "Jumamosi ijayo nitamuchana mimi. Wewe unamuchana vibaya, ona kwa shingo."

Paka alishuka mezani, akaja, akapanda kitandani upande wake wa siku zote. Alinusa pembe ya blanketi. Akazunguka, akanusa mahali pengine, akakandakanda kwa miguu ya mbele kama alivyozoea kabla ya kulala, akaacha. Kisha akashuka, akaenda kukaa mlangoni, akaangalia nje kuelekea njia. Binti yangu alianza kuniuliza anamngoja nani, akaishia katikati. Nikaenda jikoni kupasha chai moto.